Bizimu la Mtoto wa Hæge

Shayiri ile niliila mimi. Nilikuwa na miaka sita, na mwaka ulikuwa wa 1812, ambao huku kwetu Telemark hadi leo wazee wakiutaja hushusha sauti. Bahari ilikuwa imefungwa na vita, meli za nafaka hazikufika, kisha baridi ikaja mwezi wa nane na kuua mazao yakiwa bado mabichi. Tulikuwa tukibandua magome ya misonobari, tunayakausha, tunayasaga na kuyachanganya na unga kidogo uliobaki. Mkate wa magome unashibisha kwa saa moja, kisha unakaa tumboni kama jiwe. Mdogo wangu Bjug alikuwa amevimba miguu, na ukimbonyeza, shimo la kidole lilibaki.

Asubuhi moja mama aliweka mezani bakuli la uji wa shayiri tupu, hakuna magome, na katikati kipande cha siagi. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Nilikula, nikalamba kijiko changu, kisha nikalamba cha Bjug. Nimekula karamu nyingi tangu siku hiyo, za harusi na za matanga, lakini sijapata kuonja kitu kitamu kama uji ule. Nalisema mapema, asije mtu akadhani kwamba ninamsimulia baba yangu nikiwa nimesimama nje ya kosa lake.

Baba aliitwa Sveinung Bjugson, wa shamba la Haugtveit, na alikuwa sonara. Hakuwa sonara wa mjini, mwenye cheti cha mfalme na kibao mlangoni. Masonara wa mjini walitaka hawa wa mabondeni wakamatwe, na sheria ilikuwa upande wao. Lakini mkuu wa tarafa alipokuja kukagua, alifuatana na mkewe, na mkewe alikuwa amevaa kifuani bizimu la kufungia nguo alilolifua baba, pana kama kisahani cha kikombe, vipande vidogo vya fedha vikining'inia pembeni na kumetameta kila mama yule alipovuta pumzi.

"Naambiwa kuna mtu huku anafua fedha," alisema mkuu wa tarafa.

"Hata!" baba akajibu. "Nikimwona nitamleta kwako."

Wakanywa bia, wakaagana.

Wakati wa kiangazi baba alikata majani ya ng'ombe kama wanaume wengine. Kazi ya fedha ilikuwa ya majira ya baridi. Aliivuta fedha katika bamba la chuma lenye matundu, tundu hadi tundu, mpaka ikawa uzi mwembamba kama unywele, kisha akaukunja uzi huo maua na vifundo kwa koleo dogo, na kuunga kwa moto wa kupuliza kwa mdomo. Hakuwa mtu wa maneno. Vitu vyake vilisema kwa niaba yake, na watu waliviamini hata wakawa na msemo. Mtu akitaka kuthibitisha jambo alisema, "Ni kweli kama fedha ya Sveinung."

Ng'ambo ya ziwa, katika shamba la Lio, aliolewa Hæge. Alikuwa na miaka ishirini, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mbuzi ikasikika mpaka kwetu. Mumewe Torgjus alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya mama yake, Bibi Gunnhild, na wote wawili waliishi chini ya macho yake. Mwaka ule wa njaa Hæge alikuwa mjamzito. Alikuja kwa baba akiwa na kijiko cha fedha, kizito, cha kizamani, amekifunga kwenye kitambaa.

"Ni cha marehemu mama," alisema. "Kiyeyushe. Mtoto anakuja baada ya Krismasi. Nataka bizimu dogo la nguo zake, lakini liwe zito. Nikilishika nilisikie."

"Kijiko kizuri hiki. Huoni uchungu?"

"Mzee Sveinung, kijiko nitakifanyia nini? Cha kutia ndani yake kiko wapi?" Akacheka mwenyewe.

Kwetu mtoto ambaye hajabatizwa halazwi bila fedha. Chini ya kilima wanakaa wale ambao hatuwataji ovyo. Wanapenda watoto wa watu, na wakipata nafasi humchukua aliye mzima na kumwacha wao mahali pake, mkavu, mwenye uso wa kizee. Kinachowazuia ni fedha ikiwa juu ya nguo. Kwa hiyo kijiko kile hakikuwa pambo. Hæge alikuwa amemletea baba ulinzi wa mwanawe.

Yaliyofuata sikuyaona, aliniambia mwenyewe baadaye. Alikikata kijiko vipande viwili. Mpini aliupeleka bonde la chini kwa tajiri mmoja aliyekuwa bado na nafaka ghalani, akarudi na nusu gunia la shayiri mgongoni. Kichwa cha kijiko kilibaki, lakini kilikuwa kidogo, na Hæge alitaka kitu kizito. Akachukua shaba nyekundu, akaitia kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na fedha ile. Shaba ilizidi fedha karibu mara mbili. Bizimu lilipokwisha kufuliwa akalichemsha kwa chumvi na dawa za kazi yake mpaka shaba ya juu ikatoka, ikabaki ngozi nyembamba nyeupe. Hakuna jicho ambalo lingejua. Hæge alilipima kiganjani, akasema, "Hili ndilo."

Mtoto alizaliwa mwezi wa kwanza, msichana. Barafu ya ziwani ilikuwa mbovu mwaka ule, mara inaganda, mara inalegea, na kanisa liko upande wetu. Ubatizo ukangoja. Wiki ya tatu mtoto akaacha kunyonya. Akawa analia kama paka mdogo, uso ukakunjamana, na siku ya tisa tangu aache kunyonya akafa.

"Huyu si wetu," Bibi Gunnhild akasema mbele ya majirani. "Wetu amechukuliwa. Uliitoa fedha."

"Sikuitoa, mama."

"Ulipomwosha."

"Nilipomwosha nilikuwa nayo mkononi. Nikaibandika tena. Naapa."

"Fedha ikiwepo hawagusi. Ama uliitoa, ama si fedha. Kamwiteni Sveinung."

Baba akaitwa. Alivuka barafu ile mbovu kwa tumbo, anatambaa na ubao, na aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akiomba ivunjike. Haikuvunjika. Nyumba ya Lio ilikuwa imejaa watu. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye benchi, amefunikwa nguo nyeupe, na bizimu lilikuwa mezani peke yake.

"Sveinung," Bibi Gunnhild alisema, "wewe ni mtu wa kweli. Hii ni fedha, au si fedha?"

"Ni fedha."

"Safi?"

Hæge alikuwa ameketi karibu na benchi. Akainua uso, akamtazama baba. Baba alisema kwamba macho yale hayakumshuku hata kidogo, yalikuwa yanamwomba. Alijua angesema neno moja tu yule binti angekuwa huru. Alijua pia kwamba akilisema, hakuna atakayemletea hata kifungo cha fedha tena, na gunia lilikuwa limekwisha kuliwa nusu.

"Safi," akasema.

"Basi," akasema Bibi Gunnhild. "Kama fedha ni safi, mkono ndio mchafu."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na saba.

Njaa ilipita, vita vikaisha, mavuno yakarudi. Hæge wa zamani hakurudi. Yule wa kuita mbuzi nikawa namwona kanisani, amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Alipotoka nyumbani alikuwa akirudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango, kama amefunika moto, kama ng'ombe amefungwa. Alipopata mtoto wa pili, Leidulv, mtoto alipelekwa kwa wifi ya Hæge siku ileile, akakaa huko mpaka alipobatizwa. Mama mtu hakupinga. Na wanawake wa parokia, bila mtu kupanga, walikuwa wakigeuka kidogo na watoto wao begani kila Hæge alipopita. Si kwa ubaya. Mama yangu pia aligeuka.

Mwaka ambao serikali ilidai fedha kwa kila shamba ili ianzishe benki, watu walileta vijiko, vikombe na mikanda ya harusi kanisani. Baba aliitwa akae mezani na jiwe lake la kupimia, kwa sababu ndiye aliyejua. Torgjus akaja na bizimu la mtoto. Lilikuwa limeanza kuwa jeusi, na watu wa Lio walisema limeingiwa na giza kwa sababu liliguswa na wale.

"Lichukueni," alisema. "Sitaki lionekane nyumbani."

Baba alilisugua juu ya jiwe. Mstari ulitoka mwekundu, aliniambia, kama ulimi wa paka. Mkuu wa tarafa alikuwa ameshika kalamu, anasubiri.

"Vipi hilo?"

"Safi," akasema baba kwa mara ya pili, na safari hii hakukuwa na njaa ya kusingizia. Akalitumbukiza bizimu kwenye mkono wa koti lake, na mahali pake akaweka kifungo cha fedha cha mkanda wake mwenyewe.

Ndipo alipoanza ukarimu wake. Kila mtoto aliyezaliwa parokia yetu, wa tajiri au wa kibarua, baba alimfulia bizimu dogo la fedha tupu, akalipeleka mwenyewe kabla ya siku ya tatu, na hakupokea kitu. Watu walisimama mlangoni wakimshika mikono. "Mungu akubariki, Sveinung. Hakuna moyo kama wako." Alirudi nyumbani kama mtu aliyepigwa. Mama alidhani ni uchovu.

Mimi nilianza kukaa naye mezani pake nikiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu Bjug alipenda farasi na hakupenda kukaa kitako. Nilivuta uzi, nikajifunza kuunga, nikajifunza kutofautisha metali kwa rangi, kwa mlio na kwa uzito. Nilikuwa na miaka ishirini nilipotafuta koleo kwenye sanduku lake nikakuta bizimu dogo la mtoto limeviringishwa ngozi. Ukingoni ngozi ya fedha ilikuwa imekwisha kulika. Nililishika kiganjani tu, nikajua ni shaba. Na kwa kuwa bonde zima lilijua hadithi ya Lio, nikajua ni la nani.

"Lirudishe ulipolitoa," baba alisema bila kugeuka.

Nililirudisha. Nilikuwa nimechumbiwa wakati ule, na mali niliyokuwa naenda nayo kwa mume wangu ilikuwa moja tu, nayo ni kuitwa binti wa Sveinung. Kwa hiyo sikuuliza, na kila Jumapili nilipopita karibu na kiti cha nyuma nilitazama sakafu. Miaka kumi na tatu nilifanya hivyo. Baba yangu alikuwa na njaa alipokosa. Mimi nilikuwa nimeshiba.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mwishoni mwa mwaka wa 1839. Mume wangu alikuwa amehamia kwetu, kwa hiyo baba alikuwa palepale chumbani, mezani pake karibu na dirisha, macho yake yamekuwa mabovu, anafua kwa kupapasa. Wanawake walileta uji wa malai, yale mafuta ya juu ya maziwa, kama desturi ilivyo kwa mzazi. Hæge naye akaleta. Akaweka chungu chake karibu na mlango, akataka kuondoka.

Nilikuwa dhaifu, na sikufikiri. "Mama Hæge, hebu mshike kidogo nijitengeneze," nikasema, nikamnyoshea mtoto.

Alirudi nyuma, mikono yote miwili chini ya aproni.

"Usinipe, binti. Mikono hii haishiki watoto."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekueleza kwamba mlango huu haufungi vizuri, uvute kwa nguvu. Akatutakia heri, akaenda. Nikasikia hatua zake zinarudi, akaangalia kama mlango umefunga, zikaenda, zikarudi tena.

Baba alikuwa ameweka nyundo chini. Siku ile hakuishika tena, wala siku iliyofuata.

Nilipotimiza wiki sita na kwenda kanisani kutoa shukrani, baba aliniambia, "Gyro, nipeleke Lio." Ziwa lilikuwa limeganda imara safari hii. Nilimweka kwenye kigari cha kuteleza, nikamvuta kwa kamba kama mzigo wa kuni, kwa sababu hakuona pa kukanyaga. Katikati ya ziwa akaanza kusema, kutoka kijiko kile mpaka benki. Sikugeuka.

Alipomaliza nikasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni shaba. Nililishika."

"Tangu lini?"

"Kabla sijaolewa."

"Na hukusema."

"Na wewe je, baba?"

Basi tukafika Lio hivyo, wezi wawili, mmoja anamvuta mwenzake.

Bibi Gunnhild alikuwa amekwisha kufa zamani. Torgjus alikuwa anachonga meno ya reki karibu na moto, Hæge anasaga kahawa. Alitukaribisha tukae. Baba hakukaa. Alifungua ngozi, akaweka bizimu mezani.

"Mnalijua hili?"

Torgjus alilitazama. "Hilo nililipeleka benki."

"Halikufika. Halikustahili kufika." Baba akamgeukia Hæge. "Hæge, kijiko cha mama yako nilikikata. Mpini niliubadilisha kwa shayiri. Hili sehemu kubwa ni shaba. Nililifanya jeupe kwa juu ili usijue."

Hæge akaacha kusaga. Akafuta mikono, kidole kwa kidole.

"Rudia."

"Ni shaba, Hæge. Nilikudanganya."

"Si hilo. Mimi nililibandika?"

"Ulilibandika. Hukukosa kitu. Ni mimi niliye..."

"Habari zako ngoja kwanza." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nililibandika. Nilipomwosha nilikuwa nalo mkononi, nikalibandika."

"Ndiyo."

"Unajua, mzee Sveinung, mwaka wa kwanza nilikuwa nakumbuka hivyo. Wa pili pia. Kisha nikaanza kukumbuka jinsi nilivyolitoa. Naliona liko hapa mezani, karibu na bakuli, nami natoka kwenda zizini. Naliona kabisa, mpaka kivuli chake. Sasa niambie wewe unayejua. Kile ninachokiona ni nini?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Mama Hæge, shayiri ile nililishwa mimi."

Alinigeukia, akanitazama muda mrefu.

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Haya." Kisha akasema, "Usilie hapa. Kalie kwenu."

Torgjus alikuwa amesimama. Alimtazama mkewe. Akachukua shoka ukutani, akatoka. Tukasikia anapasua kuni. Muda wote tuliokuwa mle ndani, na hata tulipokuwa tumekwisha fika ziwani, shoka lile halikupumzika.

"Sijui hata kuomba msamaha," baba alisema.

"Basi usiombe. Siku ile nyumba hii ilikuwa imejaa watu. Uliposema 'safi' ulilisema mbele yao. Jumapili, uwanja wa kanisa, baada ya ibada, watakuwa wamejaa pia."

"Wataniua, Hæge."

"Hawatakuua. Watakutazama tu. Utazoea. Mimi nimezoea."

Kwetu baada ya ibada mkuu wa tarafa hupanda juu ya jiwe la uwanjani kusoma matangazo, amri za serikali, mnada, farasi aliyepotea. Jumapili ile alipomaliza, nilimshika baba mkono, akapanda. Watu walidhani anataka kutangaza kwamba anaacha kazi kwa sababu ya macho, na wengine walikwisha kuvua kofia kwa heshima. Akasema yote. Hakutaja njaa ya wanawe hata mara moja. Nilimsubiri aitaje, nikitaka aitaje, na hakuitaja.

Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Na la mke wangu je? Tulilolilipia ng'ombe?" Mwingine akacheka vibaya, "Kweli kama fedha ya Sveinung!" Mwanamke mmoja kijana akalichomoa bizimu la mwanawe, lile alilopewa bure, akalitupa thelujini miguuni pa baba, kisha akaona haya, akaliokota, lakini hakumvika tena mwanawe.

Mchungaji alikuja mbio kutuliza. Alikuwa mtu wa vitabu, kijana. "Wapendwa," alisema, "hakuna watu chini ya kilima, na fedha haiwezi kumlinda mtu. Mtoto yule aliuawa na njaa. Mama alikula magome, maziwa yakakauka. Ni hilo tu. Hakuna wa kulaumiwa."

"Nakuamini, mchungaji," Hæge alisema kutoka nyuma. Watu wakageuka. "Lakini njaa haikulaumiwa. Nililaumiwa mimi."

Wanawake walitazama chini. Nilingoja mmoja aende amwambie neno. Hakuna aliyekwenda. Mama yangu, akiwa na fimbo yake, alisogea hatua mbili kumwelekea, kisha akasimama. Hæge akamshika Torgjus mkono, au Torgjus ndiye aliyemshika, na wakashuka kwenda ziwani. Nilitazama kama atarudi kuangalia kitu. Alirudi mara moja tu.

Kiangazi kile watu walibeba fedha zao hadi mjini zikapimwe. Zote zilikuwa safi, mikanda, mabizimu, taji la maharusi la parokia, kila kitu, isipokuwa lile moja. Haikusaidia. Vijana waliooa mwaka ule walinunua mjini, na msemo wetu ukageuka: mtu mwenye uso mzuri na moyo mbaya ndiye aliyeitwa fedha ya Sveinung. Mume wangu alinilaumu kwa muda, kisha akaacha.

Nilidhani baba angepumzika baada ya kusema. Niliwahi kumwuliza.

"Nilidhani itatoka," alinijibu. "Haikutoka. Imehama mahali tu."

Mabizimu ya watoto aliendelea kuyafua kwa kupapasa, ingawa wengi hawakuyataka tena. Nilimwekea kwenye kasha. Alikufa miaka mitatu baadaye, mwezi wa tatu. Hæge na Torgjus walikuja kwenye matanga, wakala, wakaimba zaburi pamoja na watu. Sikumsikia Hæge akisema amemsamehe baba, nami sikumwuliza. Mtoto wangu yule wa tatu alikuwa anakimbia kati ya meza, akamshika sketi ili asianguke, naye akamwacha amshike. Mikono ilikuwa chini ya aproni.

Mwaka uliofuata, wakati wa majira ya kuchipua, Hæge alifika asubuhi na mfuko wa vifungo vya fedha. Mwanawe Leidulv alikuwa anaoa.

"Nataka bizimu la mkwe wangu," alisema. "Kubwa, lenye vining'inio."

Nilishindwa kujizuia. "Mbona hukwenda mjini, Mama Hæge?"

"Mjini hawataniruhusu kukaa nikaangalia."

Akavuta kigoda mpaka karibu na moto, akakaa. Nilivihesabu vifungo mbele yake, nikavitia kwenye chungu, nikaanza kuvukuta.

"Hicho unachomwaga ni nini?"

"Dawa ya kusafisha. Inakula uchafu."

"Haili fedha?"

"Haili."

"Na chuma hicho?"

"Cha kukoroga tu."

Aliuliza kila kitu, na nilijibu kila kitu. Nilipomletea mkate na maziwa alikula bila kuondoa macho kwenye chungu. Nilipoanza kuvuta uzi kwenye bamba, alisimama, akashika ncha nyingine ili usijikunje, nasi tukavuta pamoja, tundu baada ya tundu, yeye akirudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagusa mlango. Alikuja siku nne mfululizo. Siku ya mwisho alilipima bizimu kiganjani kwa muda mrefu, akanirudishia nilifunge, kisha akanitaka nilifungue tena aone.

Habari ile ilienea. Mwanamke mwingine akaja na kijiko, akauliza kwa aibu kama naye anaweza kukaa. Nikamwonyesha kigoda. Siku hizi hakuna anayeacha fedha yake hapa Haugtveit akaenda zake, hata akiwa na haraka, hata akisema ananiamini. Hasa akisema ananiamini. Namwambia akae.